Uzi Mkononi mwa Severina

Katika nyumba ya Sostenes pale Ulemo, mtu wa kwanza kuamka alikuwa Bibi Agripina. Kabla kuku hawajatoka bandani, yeye alikuwa ameshapuliza moto na kubandika sufuria mbili za uji. Sufuria kubwa ilikuwa ya watu wote: uji wa uwele, sukari kidogo, basi. Sufuria ndogo ilikuwa ya mjukuu wake Severina. Humo Bibi alitia karanga zilizotwangwa, maziwa na kijiko cha samli. Kisha alitazama mlangoni kama mtu anayeiba, akaongeza kijiko cha pili.

"Seve, mama, njoo. Uji wako unapoa."

Severina alikuja akiwa amevaa sare ya shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na sketi yake ilikuwa imeshafunguliwa pindo za pembeni mara mbili ili imwenee. Alipokea bakuli la kijani lenye mfuniko, akaenda kukaa nyuma ya jiko peke yake. Watu wengine wa nyumba ile walikula pamoja, mchana na jioni, kwenye sinia moja. Severina alikuwa na bakuli lake. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu bakuli lile lilitoka naye hospitalini.

Miaka minne nyuma, Severina alishikwa na homa isiyokwisha. Fizi zilitoka damu, miguu ikamwuma, na alama za bluu zikamtokea mwilini bila kupigwa na mtu. Alipelekwa hospitali ya Kiomboi, na kutoka Kiomboi akapelekwa Dar es Salaam. Huko madaktari wakasema ni saratani ya damu. Mama yake, Rahabu, alikaa naye wodini mpaka akazijua nyufa zote za dari. Dawa zilimpukutisha nywele. Kulikuwa na vidonge vilivyompa njaa ya ajabu, akawa anaomba ugali hata usiku, mashavu yakavimba. Halafu zikaja dawa zilizomtapisha mpaka akabaki mifupa. Wauguzi walisema chombo chake kiwe safi, asichangie na mtu, maana mwili wake haukuwa na nguvu ya kupigana hata na mafua. Ndipo Rahabu akanunua bakuli la kijani.

Mwisho wa yote, daktari alisema maneno ambayo Rahabu aliomba yarudiwe: ugonjwa hauonekani tena, mtoto arudi nyumbani, ila aje kliniki kila anapoitwa.

Severina alirudi Ulemo mwembamba kama bua la mtama. Majirani walikuja kumwona, huyu na kuku, yule na asali, mwingine na kibuyu cha maziwa. Waliondoka wakinong'ona njiani, maana hawakudhani kwamba angeufikia msimu wa mavuno. Bibi Agripina hakunong'ona. Alichukua uzi mweusi akamfunga mkononi, kama wanavyofungwa watoto wachanga. Uzi ukibana, mtoto ananenepa na watu wanashukuru. Uzi ukilegea, watu wanaanza kuulizana.

"Mama, huyu ni mkubwa, si kichanga," Sostenes, baba yake Severina, alimwambia mama yake.

"Cheka tu," Bibi alijibu. "Huyu kazaliwa mara ya pili. Namwanzia mwanzo."

Uzi ulibana. Bibi akaukata, akautundika kwenye msumari karibu na mlango wa jiko, akafunga mwingine mrefu zaidi. Ule nao ukabana. Nyuzi zikaongezeka pale msumarini, na kila aliyeingia jikoni alionyeshwa. Severina hakutumwa maji. Hakushika jembe wala ufagio. Akitaka kuruka kamba na wenzake, Bibi alimwita, "Kaa, mama, usije ukachoka." Na siku ya kliniki ilipofika mwaka jana, wakati wa kuvuna alizeti, Bibi alimtazama mjukuu wake kuanzia kichwani hadi miguuni akasema, "Mtoto mnene hivi anakwenda hospitali kufanya nini? Acheni wagonjwa wapate nafasi." Rahabu alisita. Lakini kazi zilikuwa nyingi, safari ndefu, na mtoto kweli alionekana mzima. Hawakwenda.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Kando ya darasa la sita lilisimama tenki jeusi la maji ya mvua, na kijana mmoja aitwaye Raymond, hodari wa kutunga majina, hakuhitaji kutafuta mbali. Severina akipita, yeye aligonga ubavu wa tenki kwa kidole.

"Hodi. Limejaa?"

Darasa zima lilicheka. Happiness, rafiki yake Severina, alimjibu, "Afadhali limejaa. La kwako kichwani ni tupu, hata upepo unasikika." Watu wakacheka tena. Severina naye alicheka, ili asionekane ameumia.

Siku moja wanafunzi walipelekwa shamba la shule kukata vichwa vya alizeti. Shamba liko juu kidogo, mwinuko ambao watoto wa darasa la pili huupanda wakikimbizana. Severina alifika katikati akasimama. Magoti yalimwuma. Moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni. Nyuma yake akasikia sauti ya Raymond, "Jamani, mpisheni, tenki linahama." Mwalimu alimkemea Raymond, kisha akamwambia Severina kwa upole, "Wewe rudi ukae kivulini, binti. Wewe ni mgonjwa."

Maneno ya Raymond yalimchoma, ila ya mwalimu yalimchoma zaidi. Alikaa kivulini akitazama wenzake wanavyofanya kazi na kutaniana. Siku hiyo akajiapiza: hatakula tena mpaka awe kama Happiness.

Haikuwa vigumu. Bakuli lilikuwa na mfuniko, na nyuma ya jiko hapakuwa na mtu ila Askari, mbwa wa baba yake. Severina alionja kidogo, akamimina kilichobaki kwenye kipande cha kigae. Askari alilamba bila kuuliza swali. Asubuhi uji wa karanga, mchana ugali na kuku, jioni wali wenye mafuta, vyote vilikwenda njia hiyo. Baada ya muda mbwa alianza kung'aa manyoya.

"Huyu mbwa anaiba mayai ya nani?" Bibi aliuliza. "Tumbo limeanza kuburuza chini."

"Sijui, Bibi," alijibu Severina.

Njaa ilimsumbua siku za kwanza, kisha ikageuka kizunguzungu. Happiness alimwona akishika ukuta wa darasa.

"Seve, una nini?"

"Jua tu."

"Jua la saa mbili asubuhi?"

Severina aliuficha mkono wake nyuma. Alikuwa ameona kitu kingine kilichomtia baridi. Alipokuwa ananawa mikono, uzi mweusi uliteleza kutoka kwenye kifundo cha mkono ukafika karibu na kidole gumba. Uzi ulikuwa umelegea.

Kila Jumapili wakitoka kanisani, Bibi alimwita amkague. Alipitisha kidole chake cha shahada kati ya uzi na ngozi. Kidole kisipopita, Bibi alitabasamu. Severina alijua fika kitakachotokea kidole kikipita. Bibi angelia. Mama angelia. Wangesema ugonjwa wa damu umerudi. Basi Jumamosi jioni alijificha chooni, akashika ncha moja ya uzi kwa meno, akaukaza, akapiga fundo la pili juu ya lile la Bibi.

Jumapili Bibi alijaribu kidole. Hakikupita.

"Mungu ni mwema," alisema, akamshika shavu. "Nenda ukale, mama."

Severina aliondoka akiangalia vidole vya miguu yake. Hakuwahi kumdanganya Bibi kwa jambo lolote kubwa, na sasa alikuwa amemdanganya bila hata kufungua mdomo.

Jumatatu alifika shule mapema. Wanafunzi walikuwa wamejipanga kwa mchakamchaka, na zamu ya kuanzisha wimbo ilikuwa ya Happiness. Severina hakuwa na ruhusa ya kukimbia. Lakini alijipenyeza mstari wa nyuma, akaanza kukimbia na wenzake. Mzunguko wa kwanza aliumaliza akihema. Katika wa pili, nyimbo zikawa kama zinatoka chini ya maji. Aliona uwanja unainuka kuja usoni kwake, halafu hakuona kitu.

Alipofumbua macho alikuwa amelala kwenye mkeka ofisini, na baba yake amepiga magoti pembeni. Sostenes alikuwa amekuja na pikipiki yake kwa mwendo ambao mwenyewe huwakataza vijana. Jasho la baridi lilimtoka Severina. Alijaribu kusema, ulimi ukawa mzito.

Kuteremka hadi barabarani hakukuchukua muda. Bibi na Rahabu walikuwa wameshasimamisha gari la abiria linalokwenda Kiomboi. Wakamlaza Severina mapajani mwa mama yake, na Sostenes akafuata nyuma na pikipiki. Ndani ya gari abiria waliwapisha nafasi. Rahabu alipandisha sketi ya binti yake kidogo, akaona goti limevimba, lina doa la bluu.

"Mama," alimwambia mkwe wake. "Ilianza hivi hivi. Alama za bluu."

"Ameanguka. Mtu akianguka huvilia damu."

"Na mbona ameanguka?"

Bibi aliuinua mkono wa Severina, akajaribu kupitisha kidole chini ya uzi. Kidole hakikupita. Alijaribu tena.

"Uzi unabana," alisema taratibu. "Hajakonda. Chakula anakula, nampa mwenyewe kwa mkono wangu. Basi kama si njaa…"

Alianza kusali kwa Kinyiramba, na nyumbani kwao ilijulikana kwamba Bibi akisali kwa Kinyiramba, mambo si mazuri. Severina alisikia yote. Alitaka kusema. Lakini kila alipofungua mdomo aliuona uso wa Bibi, akafumba mdomo tena.

Hospitalini walipokelewa na Daktari Mughwai, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tusaidie. Huyu mtoto alikuwa na saratani ya damu."

Daktari hakupoteza muda. Alimtoboa Severina kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo kidogo, akakunja uso.

"Sukari iko chini sana. Amekula nini leo?"

"Uji," Bibi alijibu haraka. "Uwele, karanga, maziwa. Bakuli zima."

"Na jana?"

"Wali. Kuku. Maziwa ya mgando."

"Amepungua mwili siku hizi?"

Bibi aliinua mkono wa mjukuu wake kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. "Tazama uzi, daktari. Nimeupima jana. Unabana."

Daktari aliutazama uzi, akamtazama Severina, ambaye alikuwa ameangalia ukutani. Akaagiza awekewe dripu ya sukari, akapima presha, akasikiliza kifua, akabonyeza tumbo na shingo.

"Mtoto aliyekula hivyo hapaswi kushuka sukari namna hii," alisema. "Na kwa ugonjwa aliowahi kuugua, siwezi kubahatisha. Tunachukua damu sasa hivi. Nitazungumza na wenzangu wa Dar es Salaam. Ikibidi, asafiri wakampime uboho."

Rahabu alilijua neno hilo. Sindano ya uboho huingia mfupani, na yeye ndiye aliyekuwa akimshika Severina mabega.

Muuguzi akaja, akachukua damu, akaondoka na kichupa. Kilichobaki ni kusubiri. Dripu ilikuwa inadondoka polepole, na nguvu zilianza kumrudia Severina. Nguvu zilivyorudi ndivyo masikio yalivyozidi kusikia. Kwenye benchi nje ya mlango, baba alikuwa akiuliza nani atabaki na nyumba. Mama alisema lazima aende yeye, anaijua ile wodi. Bibi akasema, "Safari hii nakwenda mimi."

"Mama, utaweza wapi?"

"Nitaweza. Kosa ni langu." Sauti ya Bibi ilikuwa ndogo, si ile ya kila siku. "Nilipunguza samli, vijiko vitatu vikawa viwili, tangu msimu wa kiangazi, ng'ombe walipokausha. Nilijua haitoshi. Nikajiambia ametengemaa. Kama ningeongeza kijiko kimoja tu, damu yake isingedhoofika."

Severina alikaa kitandani. Alifikiria kwamba akisema, Bibi atajua kwamba chakula chake chote kimeliwa na mbwa. Lakini asiposema, Bibi ataishi akiamini kwamba alimponza mjukuu wake kwa kumpunguzia kijiko kimoja cha samli. Na Severina mwenyewe hakujua kama ameanguka kwa njaa au kwa ugonjwa. Labda vyote viwili. Aliogopa sana, lakini akaita.

"Bibi."

Wote watatu waliingia kwa pamoja.

"Bibi, uzi ni mwongo. Mimi ndiye niliyeukaza." Aliusogeza mkono wake kwenye mwanga wa dirisha. "Tazama. Fundo lako ni hili. Hili jingine nimefunga mimi. Ulikuwa umelegea."

Bibi aliinama. Macho yake hayakuwa mazuri, hivyo akapapasa kwa ncha ya kidole. Fundo la kwanza. Fundo la pili.

"Kwa nini, mama?"

"Sikuwa nakula. Muda mrefu sasa. Leo sikunywa uji. Shuleni wananiita Tenki." Hapo machozi yakamshinda. "Wananigongea. Nikipanda kilima nashindwa. Nilitaka kupungua, ila nilijua mkiona uzi mtasema ugonjwa umerudi."

"Chakula ulikuwa unapeleka wapi?" Rahabu aliuliza.

"Kwa Askari."

Sostenes alijikuna kichwa. "Ndiyo maana yule mbwa hata wageni habwekei tena. Ameshiba." Hakuna aliyecheka, ila Rahabu alipumua kwa mara ya kwanza tangu waondoke Ulemo. Kisha akamfuta binti yake machozi kwa upindo wa khanga, akatoka kwenda kumwita daktari, maana jambo lile lilipaswa kusemwa na Severina mwenyewe.

Daktari Mughwai alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia.

"Umefanya vizuri kusema," alisema. "Mimi natibu ninachoambiwa na ninachokiona. Nikiambiwa uongo, nusu ya macho yangu imefumbwa. Sasa najua sukari ilishuka kwa nini. Lakini sitasema neno lingine mpaka niione damu yako. Tusubiri."

Wakasubiri. Kivuli cha mlango kilisogea polepole sakafuni. Bibi alikaa kando ya kitanda akiushika mkono ule wenye uzi, na Severina alitamani hata angemgombeza. Kila nyayo zikisikika nje, wote waliinua vichwa. Alipita mtu na ndoo. Akapita mwingine na mtoto anayelia. Hatimaye daktari akaingia na karatasi mkononi, akavuta kiti akaketi. Rahabu alipoona ameketi, akafumba macho.

"Damu ni nzuri," daktari alisema. "Chembe zote ziko kwenye kiwango chake. Nimewasomea majibu wenzangu wa Dar es Salaam kwa simu, nao wanasema hivyo hivyo. Hakuna dalili kwamba ugonjwa umerudi. Mtoto alianguka kwa sababu alikimbia akiwa na njaa."

Bibi alijifunika uso kwa khanga. Mabega yake yalitikisika. Sostenes alitoka nje haraka, akasimama akiitazama pikipiki yake kama vile inahitaji matengenezo.

"Lakini sijamaliza," daktari aliendelea. "Bibi, presha ya huyu mtoto imepanda kidogo kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Uzito nao ni mkubwa. Magoti yanauma kwa sababu yanabeba mzigo. Tukiliacha hili, kesho na keshokutwa atapata kisukari au matatizo ya moyo."

Bibi aliondoa khanga usoni. "Sasa unataka nimnyime chakula? Mtoto aliyerudi kutoka kaburini nimnyime samli?"

"Sikuambii umnyime."

"Mimi nimemwona alipokuwa mifupa. Ninyi mnaona unene, mimi naona uhai."

"Ni kweli, Bibi," Daktari Mughwai alisema kwa upole. "Na wakati ule ulifanya sawa. Mgonjwa aliyekonda hulishwa. Lakini sikiliza. Watoto wengi wanaopona saratani ya damu huongezeka uzito baadaye. Si kwamba ni walafi au wavivu. Vile vidonge vilivyompa njaa hubadilisha namna mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula. Halafu mtoto anazoea kukaa, maana alikuwa mgonjwa. Na wanaompenda wanaendelea kumlisha na kumkalisha kama mgonjwa, miaka na miaka. Ugonjwa umeondoka, lakini hakuna aliyeuambia mwili wake."

Akamgeukia Severina. "Na wewe, usijitese kwa njaa. Njaa inaumiza mwili unaokua, umejionea leo. Kula kile wanachokula wengine: ugali, mlenda, maharage, matunda yakipatikana. Samli iwe kidogo, sukari iwe kidogo. Tembea, fanya kazi, cheza. Anza polepole, ukichoka pumzika, ukipata nguvu ongeza. Na kliniki usikose, hata ukijiona mzima. Hasa ukijiona mzima."

"Naruhusiwa kuchota maji?" Severina aliuliza.

Daktari alicheka. "Nimekaa hospitali hii miaka mingi. Wewe ni mtoto wa kwanza kuniomba ruhusa ya kuchota maji."

Walirudi Ulemo jioni. Walipofika, Bibi alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua kisu, akamwita Severina. Aliuweka mkono wa mjukuu wake juu ya goti lake, akaukata uzi, mafundo yote mawili. Kisha akazitungua zile nyuzi kuukuu kutoka msumarini, akazikusanya kiganjani, akazitupa motoni. Ziliungua mara moja, hata moshi hazikutoa.

"Bibi, umenikasirikia?"

"Nimekasirika," Bibi alisema. "Nimekukasirikia wewe na nimejikasirikia mimi. Kaa hapa."

Severina akakaa kwenye kigoda.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe hukuficha maradhi, ulificha njaa, na kilio kilikuwa kimeshafika mlangoni. Na mimi nilikuwa na macho, nikaacha kukutazama, nikatazama uzi. Uzi unajua kubana na kulegea. Haujui kusema kwa nini. Mwenye kusema ni wewe. Ukiwa na njaa, sema. Ukishiba, sema. Wakikucheka shuleni, njoo useme, hata kama nitakasirika. Afya ya mtu haipimwi kwa unene, na haitafutwi kwa uongo."

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe."

"Nimeshasamehe. Sasa chukua sinia hilo uoshe. Leo unakula na wenzako."

Jioni ile Severina alikula kwenye sinia pamoja na baba, mama na Bibi. Ilikuwa ugali na mlenda, na mikono minne ikagongana, na alipochelewa kidogo baba yake alimaliza upande wake. Askari alikaa nyuma ya jiko karibu na kigae chake, akingoja. Alingoja mpaka giza likaingia, kisha akalala kwa huzuni.

Tangu hapo bakuli la kijani likawa la kuwekea mbegu za mboga. Asubuhi Severina alikwenda kisimani na ndoo ndogo, akipumzika njiani mara nyingi mwanzoni, na siku zilivyokwenda akipumzika mara chache. Mwalimu alimruhusu aingie kwenye mchakamchaka, akimbie anapoweza na atembee anaposhindwa, na Happiness alitembea naye.

Raymond hakuacha mara moja. Wiki ile ile Severina aliporudi shuleni, Raymond alimwona akipita, akagonga tenki. "Hodi. Limejaa?"

Severina alisimama. "Limejaa maji safi," alisema. "Yamepimwa Kiomboi. Na la kwako limepimwa wapi?"

Darasa lilicheka, na safari hii Raymond ndiye aliyetafuta pa kuweka macho. Mwalimu aliyekuwa dirishani alisikia. Siku hiyo, badala ya somo, aliwaeleza wanafunzi wote kuhusu ugonjwa aliougua mwenzao na dawa alizotumia. Raymond alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na tenki halikugongwa tena.

Kliniki iliyofuata walikwenda. Severina hakuwa mwembamba. Mwili haubadiliki kwa siku moja. Lakini presha ilikuwa imeshuka, uzito haukuwa umeongezeka, na magoti hayakuuma. Daktari alipouliza anakula nini, Bibi alifungua mdomo ajibu, kisha akaufumba. Akamgeukia mjukuu wake.

"Usemee mwili wako, mama," alisema. "Wewe ndiye unayeujua."

Na Severina akaeleza yote, bila kuficha hata ile chapati ya pili aliyokula kwenye harusi ya jirani.